Mama anasafishwa damu, miguu imeisha nguvu: naomba ushauri
Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni. Mama yangu ana miaka 64, figo zake ziliharibiwa na kisukari na presha. Anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, kila safari anakaa muda wa saa 4 kwenye mashine. Mwaka jana alikuwa akienda sokoni mwenyewe. Leo hata kuinuka kitini mpaka ashike meza, na juzi alianguka bafuni. Ndugu wanasema mwacheni apumzike. Mimi naona huko kulala ndiko kunakommaliza, maana misuli isipotumika inasinyaa.

Halafu chakula. Kabla ya mashine aliambiwa apunguze nyama na mayai, hadi leo anaogopa kuvigusa, wakati daktari ameshamweleza kwamba sasa protini anaihitaji zaidi kwa kuwa nyingine inapotelea kwenye mashine.

Mliouguza mgonjwa wa hivi, mlianza na mazoezi gani? Nafikiria kusimama na kukaa kitini mara 5, siku asizokwenda hospitali, kwani akitoka huko anakuwa hoi. Na kula, mlimshawishije? Nitamuuliza daktari pia, ila nawasubiri mliopitia.