Mwenye nyumba anakataza baiskeli isilale ndani, ikiibwa uani anakuuliza "ulifunga?"

Wakuu, leo mnivumilie. Nina hasira, na nikinyamaza nitapasuka.

Tangu baiskeli yangu iondoke uani kila mtu ananiuliza swali moja: "Ulifunga?" Kaniuliza mwenye nyumba. Kaniuliza afande wa kaunta hata jina langu hajaliandika. Kaniuliza mjumbe, tena anacheka. NILIFUNGA! Lile kufuli la duara la gurudumu la nyuma nililifunga, nikapitisha na mnyororo kwenye fremu na rimu, nikatia kufuli lingine. Sasa nielezeni, huo mnyororo nilitakiwa niufunge kwenye nini? Uani kwetu kuna karo, kamba za kuanikia nguo na ukuta wa bloku usio na hata msumari. Baiskeli iliyofungwa yenyewe kwa yenyewe haimsumbui mwizi. Anaibeba begani kama mkungu wa ndizi, anamrushia mwenzake ng'ambo ya ukuta, makufuli watayakata huko wanakokwenda wakiwa wamekaa wanakunywa chai.

Mzizi wa yote ni amri ya mwenye nyumba: baiskeli marufuku kulala ndani. Kwenye mkataba haimo, ni ya mdomo tu. Eti magurudumu yanachafua korido na stendi itapasua marumaru. Sawa, nyumba ni yake. Lakini pikipiki ya mwanawe inalala kwenye korido hiyo hiyo kila siku ya Mungu, inadondosha oili mpaka tunateleza tukienda chooni usiku. Pikipiki haipasui marumaru, inayopasua ni baiskeli ya mpangaji!

Na siyo kwamba sikumwomba. Nilimfuata kwa heshima zote, nikamwambia mzee wangu, niruhusu nimlete fundi akunje nondo ya milimita 16 ikae kama herufi U, miguu yake aitanue, achimbe pale chini ya ukuta aimwagie zege. Kazi ya asubuhi moja, hata mfuko mzima wa saruji hauishi. Gharama juu yangu, na nikihama namwachia. Akanijibu nitamharibia ukuta. Leo huyo huyo ananiambia baiskeli yangu haimhusu, kila mpangaji alinde mali yake. Nilinde kwa lipi, nilale nje nimeikumbatia?

Tukija kwenye makufuli yenyewe, hasira inazidi. Nenda duka lolote la spea uone. Mnyororo umevishwa plastiki ya rangi nzuri, ukiichana unakuta pete nyembamba ambazo mkasi wa vyuma unazimaliza kwa mkono mmoja. Ile ya namba za kuzungusha ndiyo vichekesho vyenyewe, ndani ni nyuzi za waya, koleo la kawaida linatosha. Uingereza kuna taasisi inaitwa Sold Secure, wanayashambulia makufuli kwa zana wanazotumia wezi halafu wanayapa daraja kuanzia shaba, fedha, dhahabu hadi almasi. Mnunuzi anajua anachonunua. Huku kwetu muuzaji anakuapia "hili orijino, mkuu" na maisha yanaendelea. Kama una hela kidogo, achana na kufuli la baiskeli, nenda duka la vifaa vya ujenzi ukanunue mnyororo mnene wa kupimiwa na kufuli la geti ambalo kitanzi chake ni kifupi, mkasi usipate pa kuingia. Mwenye grenda ya betri atakata hata huo, ila grenda inapiga kelele na inatoa cheche, mtaa mzima utaamka. Mkasi haumwamshi hata kuku.

Polisi sasa. Nilikwenda na risiti ya dukani na namba ya fremu, ile inayogongwa chini pale pedeli zinapoingilia. Niliinakili siku niliyonunua. Nikapewa RB. Kuisoma nakuta: "baiskeli moja aina ya Phoenix, rangi nyeusi." Basi! Namba haijaandikwa. Jamani, hapa Morogoro ukisimama barabarani dakika chache utahesabu Phoenix nyeusi mpaka uchoke, watazijuaje? Nikaomba waiongeze, nikaambiwa niende nikaitafute mwenyewe, nikiiona niwaite. Na hela ya ulinzi shirikishi tunatoa kila mwezi, ukichelewa unafuatwa mlangoni na daftari. Usiku ule hao walinzi walikuwa wapi? Mwenyekiti wa mtaa anasema walikuwa "upande wa pili". Upande wa pili wa nini?

Ila ninaowachukia kuliko wezi ni wanunuzi. Baiskeli ya kazi ikiibwa usiku, asubuhi siyo baiskeli tena. Rimu kwa fundi huyu, keria kwa yule, fremu kwenye mzani wa vyuma chakavu. Kijana analeta magurudumu mawili alfajiri, hana fremu, mikono imejaa grisi, na fundi mzima na akili zake hamuulizi kitu, anashusha bei tu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamgusa na anayepokea mali ya wizi, siyo mwizi peke yake. Lini mmesikia fundi wa mtaani au mwenye mzani kapelekwa mahakamani kwa ajili ya baiskeli? Zamani baiskeli zilikuwa na leseni na kibati chake. Mzee wangu bado anayo baiskeli yake aina ya Swala, ya kiwanda chetu cha NABICO, na anakumbuka kibati kilivyokuwa kinawasumbua. Ulikuwa usumbufu kweli, lakini leo ningeushukuru.

Kwa hiyo wenye baiskeli, namba ya fremu peke yake haitoshi. Gonga herufi zako kwa patasi kwenye keria, kwenye uma wa mbele, na kwenye mikono ya pedeli, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyouzwa vimoja vimoja. Mwenye baiskeli ya mtumba, zile za gia ambazo gurudumu la mbele linafyatuliwa kwa mkono bila spana, mwambie fundi akuwekee nati za kawaida. Na siti vilevile, itaondoka hata kama fremu imebaki.

Yangu ni Phoenix nyeusi, keria ndefu ya mikate imechomelewa nondo mbili pembeni, kengele haina kifuniko. Keria kama ile haipo ya pili mjini. Ukiiona, hata keria peke yake, njoo PM. Nasambazia maduka mikate, sasa hivi faida yote inaishia kwa bodaboda.

NYONGEZA: Naona maoni. Anayesema nifuge mbwa, mwenye nyumba aliyekataa nondo atakubali mbwa? Anayesema nifunge taa, ipo, inawaka usiku kucha, kumbe ilikuwa inawamulikia wao. Mlio kwenye nyumba za kupanga, kuna aliyefanikiwa kuandikisha kwenye mkataba mahali pa kulaza baiskeli? Niwekeeni maneno yenyewe mliyoandika.

Na nyie mnaosema nihame: nimelipa kodi ya miezi sita mbele. Arudishe hela, kesho nafunga virago.