Tumeuziwa mashine za gemu zisizo na tundu la CD, na gemu zilizomo si zetu

Wakuu, heshima kwenu. Ninaandika kutoka Mwanga, Kigoma, nikiwa na hasira ambayo nimeituliza kwa wiki mbili ili nisije nikaandika matusi.

Nina banda la gemu lenye televisheni nne. Mwezi Januari niliagiza PlayStation 5 iliyotumika kutoka kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam kwa shilingi milioni moja na laki tatu, pamoja na gemu kumi na mbili ambazo kwenye tangazo lake aliziita za kudumu. Mashine ilikuja kwa basi, imefungwa vizuri, ina pedi mbili. Niliigeuza huku na huku nikitafuta mahali pa kuingizia CD, sikupaona, na nilipompigia simu alinijibu kama mtu anayemwelekeza mtoto kwamba CD zimepitwa na wakati. Nikameza. Wiki ya saba, Jumamosi saa kumi jioni, banda likiwa limejaa vijana waliokwisha kutoa shilingi mia tano zao, gemu zote kumi na mbili zilitokeza alama ya kufuli. Kumbe zilikuwa kwenye akaunti yake yeye, si yangu, na alikuwa ameihamishia akaunti hiyo kwenye mashine ya mteja mwingine. Sasa ananiambia kwamba nikitaka zifunguke nimwongezee laki mbili.

Huyo ni tapeli na sina neno jingine la kumwita. Hata hivyo, nilipokaa nikatafakari niligundua kwamba miaka ishirini iliyopita asingeweza kunifanyia hivi hata angetaka. Sisi tuliokulia Ujiji, enzi Kigoma ikitegemea umeme wa jenereta za mafuta, tulikuwa na tivii gemu, ile mashine iliyoigwa kutoka Famicom ya mwaka 1983 ya Nintendo, kampuni ya Japani, yenye kaseti iliyojitangaza kuwa na gemu 9999 ilhali za kweli zilikuwa chache tu zilizorudiwa kwa majina tofauti. Hapo pia tulidanganywa, sikatai. Lakini kaseti ilikuwa yako. Ungeikopesha, ungeiuza au ungeibadilisha kwa mpira, na hakuna mtu yeyote Japani ambaye angepata habari. Ikigoma kuwaka uliichomoa, ukaipuliza, ukairudisha (kilichosaidia ni kuchomoa na kuchomeka upya, pumzi haikuwa na kazi yoyote, lakini nenda kamwambie hivyo mtoto wa miaka tisa).

Kaseti hiyo nayo ina historia ambayo wauzaji wetu wangefaa kuijua kabla ya kutuambia habari za kupitwa na wakati. Mashine ya kwanza ya nyumbani, Magnavox Odyssey ya mwaka 1972 iliyotokana na kazi ya Ralph Baer, ilikuwa na kadi za kuchomeka, ila kadi zile hazikubeba gemu, zilibadilisha tu njia za umeme ndani ya mashine. Mashine za Pong, gemu ya kurudishiana mpira kwenye kioo, zilizofuata majumbani zilikuja na gemu yake humo humo, ukiichoka basi. Ndipo mwaka 1976 ilipotoka Channel F ya kampuni ya Fairchild, iliyotengenezwa na timu iliyoongozwa na Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi, ikiwa ya kwanza kutumia kaseti zilizobeba programu ya gemu yenyewe. Kwa maneno mengine, mtu mweusi ndiye aliyesimamia kazi ya kutuwekea tundu lililotuwezesha kumiliki gemu kando ya mashine, na leo tundu hilo hilo linazibwa mbele ya macho yetu, kisha tunaambiwa ni maendeleo.

Wapo watakaoniambia kwamba PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya mashine milioni 155 duniani, hapa kwetu iliishi kwa CD za kunakili. Ni kweli, na banda langu la kwanza lilikuwa hivyo hivyo, tena sikujua kwamba kuna CD ya aina nyingine. Ndiyo maana inaniuma zaidi kwamba safari hii nimeamua kutoa pesa nyingi ili niwe na vitu halali, na hivyo halali ndivyo vinavyoyeyuka.

Msidhani jambo hili ni la matapeli wa mjini peke yao. Ubisoft ilitoa gemu ya magari iitwayo The Crew mwaka 2014, watu wakainunua, wengine wakiwa na CD mkononi, na tarehe 31 Machi 2024 kampuni ikazima seva zake, yaani kompyuta zake ambazo gemu iliunganishwa nazo kwa intaneti. Kwa kuwa gemu haikuweza kuwaka bila seva, hata upande wa kucheza peke yako, CD zile zimebaki kuwa vioo vya kujitazamia. Hasira ya wachezaji ilizaa kampeni ya Stop Killing Games (acheni kuua gemu), ambayo imekusanya saini zaidi ya milioni moja katika nchi za Umoja wa Ulaya. Utafiti wa mwaka 2023 wa Video Game History Foundation, shirika la kuhifadhi historia ya gemu, ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena madukani. Baba yangu mdogo pale Ujiji ana bao la mninga alilorithi kwa babu, na kete zake za komwe zimo kwenye kifuko kile kile cha zamani. Hakuna aliyewahi kumtaka aingie mtandaoni kwanza ili athibitishe kuwa ni lake.

Huo mtandao wenyewe mnaujua. Super Mario Bros. nzima ilikuwa na kilobaiti 40, wakati gemu za leo zinafika GB 100, na mimi nizishushe kwa bando la simu katika mji ambao umeme ukikatika katikati ya kazi hujui utarudi lini. Anayepanga kwamba kesho kila kitu kitachezwa kupitia intaneti hajawahi kuendesha banda Kigoma.

Ninachodai ni kidogo. Wauzaji wa mashine waandike kwenye tangazo, kwa maandishi yanayosomeka, kama mashine ina tundu la CD, na gemu zilizomo ziko kwenye akaunti ya nani. Jimbo la California, tangu Januari 2025, linazuia maduka ya mtandaoni kutumia neno kununua bila kumweleza mteja wazi kwamba anapewa leseni tu, yaani ruhusa ya kutumia. Sisi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo. Nimeshaandaa malalamiko yangu, pamoja na picha za tangazo na meseji zake zote. Aliyefanyiwa kama mimi aniandikie faraghani tuyapeleke pamoja.

Kuna waliokwisha kunishauri ninunue kifaa cha kusomea CD nikipachike. Kifaa hicho ni cha toleo jembamba la PlayStation 5 la mwaka 2023 na lile la Pro lililofuata, tena nacho kinataka intaneti siku ya kukiunganisha. Yangu ni ya mwaka 2020, haikipokei.

Kwa hiyo natafuta PlayStation 4 au 5 yenye tundu, hata iliyochakaa. Mwenye nayo anitajie bei, na akiwa wa mbali nitamwekea na dagaa wa Kibirizi juu yake. Ila pesa sitaitoa mpaka niingize CD yangu mwenyewe, intaneti ikiwa imezimwa, na mpira uanze.