Galaksi nyekundu za mbali: umbo lipi la kuamini?

Fizikia_TBR: Wakuu, klabu yetu ya sayansi hapa Tabora imepakua picha za darubini ya anga ya Hubble. Galaksi moja nyekundu (z=2.5, yaani kipimo cha jinsi mwanga wake ulivyonyooshwa njiani) kwenye urefu wa wimbi wa mikrometa 0.8 ni vipande vipande, kwenye 1.6 ni duara laini. Tushike ipi?

Mwanga_Ujiji: Gawanya urefu wa wimbi kwa 1+z mpate wimbi lilivyotoka kwenye galaksi. 0.8÷3.5 ni 0.23, yaani urujuanimno: mnaona nyota changa tu, tena pale vumbi lilipoachia upenyo. 1.6÷3.5 ni 0.46, mwanga wa bluu, na hapo nyota kongwe zenye uzito mkubwa huanza kujitokeza. Shikeni ya 1.6. Ya darubini ya Webb ya mikrometa 4.4 ni nzuri zaidi.

Ziwani_KGM: Ndugu, hilo duara nalo lichunguzeni. Galaksi nyingi za enzi hizo zilizoacha kuzaa nyota ni ndogo mno: nusu ya mwanga wake imo ndani ya miaka ya mwanga 3,000 hivi kutoka kitovuni, kama sekunde ya tao 0.12 angani (sekunde ya tao ni digrii moja ÷ 3,600). Ukungu wa Hubble yenyewe unazidi hapo! Tumieni GALFIT, programu ya kupima maumbo ya galaksi: ipeni nyota safi ya picha ileile kama kipimo cha ukungu, funikeni galaksi jirani, kisha tafuteni namba ya Sersic, inayoonyesha jinsi mwanga ulivyojikusanya kitovuni. Karibu na 1 ni sahani, karibu na 4 ni umbo la yai. Ikiruka hadi 8, mara nyingi mwanga wa anga ya nyuma ya galaksi umeondolewa vibaya.

Fizikia_TBR: Na wekundu wenyewe, uzee au vumbi?

Mwanga_Ujiji: Rangi moja haitoshi kutenganisha. Linganisheni rangi mbili, moja ya mwanga unaoonekana na moja ya infraredi: yenye vumbi hubaki nyekundu hata kwenye infraredi, kongwe hupoa wekundu huko.