Kufungua LLC Marekani ukiwa nje: jimbo gani halitanikamua kila mwaka?

Mkata_Video

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni mhariri wa video, naishi nje ya Marekani na sijawahi kukanyaga huko. Nina wateja watatu wa kudumu, wote wako huko, na mmoja kaniambia kuanzia mwakani anataka kulipa kampuni, si mtu. Nimeamua kufungua LLC, yaani kampuni ambayo kwa kawaida madeni yake hayamgusi mwenyewe, mmiliki mimi peke yangu.

Kila ninayemuuliza ana jimbo lake. Mmoja kasema Delaware, eti kampuni kubwa zote ziko huko. Mwingine Wyoming. Shemeji yangu, mume wa dada, yuko Los Angeles, anasema nisihangaike: nisajili California kwa anwani ya nyumbani kwake, barua apokee yeye, hata wateja ataongea nao yeye. Ada za kufungua nimeziangalia: California dola 70, Wyoming 100, Delaware 110. Kwa hesabu hiyo California ndiyo nafuu. Au kuna kitu sijakiona?

Mzee_wa_Juni

Kipo, mkuu. Ni dola 800.

Hiyo 70 ni kiingilio tu. LLC ya California inadaiwa kodi ya chini ya dola 800 kila mwaka, upate faida, upate hasara, au usimwone mteja hata mmoja. Mapato ya huko yakifika 250,000 inaongezeka ada nyingine, inaanzia 900. Kila baada ya miaka miwili kuna fomu ya taarifa ya dola 20, hiyo haiumi.

Na usije ukasema "basi nasajili Wyoming, shemeji aendelee na wateja". California haiulizi cheti kimetoka wapi, inauliza kazi inafanyika wapi. Shemeji akikaa sebuleni kwake anapatana bei kwa niaba ya kampuni, kampuni hiyo inafanya biashara California. Itabidi ijisajili huko pia, na 800 ziko palepale, juu ya unazolipa Wyoming. Mshukuru sana, mletee zawadi siku ukienda, ila wateja ongea nao mwenyewe.

Mimi ada yangu ya shule nililipia Delaware. Nilifungua Desemba 2021, wiki tatu kabla ya mwaka kuisha. Delaware haina ripoti ya mwaka kwa LLC, ina kodi ya dola 300 tu, mwisho wa kulipa ni Juni 1, nayo haigawanywi kwa miezi. Kwa hiyo Juni 2022 nilikuwa nadaiwa mwaka mzima wa 2021, ambao kampuni iliishi siku ishirini. Sikujua. Taarifa ilitumwa kwa wakala, yule wa kupokea barua za kampuni ndani ya jimbo, wakala akaituma kwenye barua pepe niliyokuwa nimeacha kuifungua. Nashtuka Oktoba, 300 imekuwa 500, maana faini ya kuchelewa ni 200, na riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi inatembea juu ya zote mbili. Nikataka kuifunga kwa hasira. Haifungwi mpaka ulipe kila kitu, na kodi ya mwaka unaofungia ikiwemo.

Delaware wana mahakama yao maalumu ya mambo ya kampuni, Court of Chancery, na wawekezaji wanaipendea hilo. Wewe na kompyuta yako mna kesi gani?

Chap_Chap

New Mexico. Dola 50, hakuna ripoti ya mwaka, hakuna ada ya mwaka. Mchezo umeisha.

Bi_Mahesabu

Chap_Chap, kwa upande wa jimbo uko sahihi. Mchezo haujaisha lakini, kuna IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani.

Mdogo wangu Mkata_Video, popote utakapofungua, LLC yenye mmiliki mmoja asiye mkazi wa Marekani inatakiwa kupeleka Fomu 5472, ya kutaja miamala kati yako na kampuni, imeambatanishwa na ukurasa wa Fomu 1120, ile ya kodi ya kampuni, kila mwaka uliokuwa na miamala hiyo. Usiniambie haitakuwa na miamala. Ile hela utakayotoa mfukoni kulipia usajili ni muamala tayari. Faini ya kutokupeleka ni dola 25,000, na haipungui kwa sababu kampuni ilikuwa tupu. Sheria hii ilianza na mwaka wa kodi wa 2017 na bado nakutana na watu hawajaisikia. Fomu zinakwenda kwa posta au kwa faksi, mwisho Aprili 15, na ukiona utachelewa unaomba muda kwa Fomu 7004 kabla ya tarehe hiyo. Risiti ya faksi itunze kama cheti cha ndoa.

Kodi ya mapato sasa. Ikiwa kazi unaifanya kwa mikono yako nje ya Marekani, kwa kawaida mapato hayo hayahesabiki kuwa ya Marekani. Mteja akikuletea fomu ya kodi ya W-9 usijaze, hiyo ni ya watu wao. Wewe unajaza W-8BEN kwa jina lako, kwa sababu mbele ya IRS LLC yako na wewe ni kitu kimoja.

Namba ya EIN, yaani namba ya kodi ya kampuni, ni bure. Ukiwa huna namba yao ya hifadhi ya jamii unajaza fomu ya kuiomba, SS-4, na kuituma kwa faksi. Anayekutoza mamia anakutoza uvivu wako.

Mimi ningekwenda Wyoming: ripoti ya mwaka ni dola 60 kwa kampuni isiyo na mali kubwa ndani ya jimbo, jumlisha malipo ya wakala, ambaye kila jimbo linamtaka awe na anwani halisi hapo.

Mzee_wa_Juni

Na asidanganywe na Florida. Ripoti ni 138.75, nzuri tu, ila ikipita Mei 1 wanaongeza 400.

Mkata_Video

Dada na wakuu, ahsanteni sana. Shemeji nimeshampigia, amenuna kidogo. Ni Wyoming. Swali la mwisho: mteja anataka tuanze Januari. Nikisajili Desemba 28 ili cheti kiwe tayari, Wyoming watanifanya kama Delaware walivyomfanya Mzee?

Bi_Mahesabu

Wyoming hapana. Ripoti yao inafuata mwezi uliofungulia: ukifungua Desemba, ya kwanza ni Desemba 1 mwakani. Lakini ukilipia usajili tarehe 28, una muamala ndani ya mwaka huu, na kwa siku hizo nne utadaiwa 5472 nzima Aprili. Mwambie mteja akuvumilie, sajili Januari 2.