Mjadala: Daktari amhudumie anayejidunga dawa za misuli kabla hajaacha?

Mratibu, Tabora
Hoja ni hii. Hospitali zetu za Tabora na Kigoma, kuanzia Kitete na Maweni hadi vituo vya binafsi, ziwapokee wanaotumia dawa za kujenga misuli (testosteroni, nandroloni, stanozololi, methandienoni na ndugu zake), ziwapime na kuwafuatilia hata kama hawajaamua kuacha? Au daktari aseme "acha kwanza, halafu urudi"? Suala la daktari kuwaandikia dawa hizo halimo. Leteni vipimo na taratibu. Picha za vifua pelekeni kwingine.

Mfamasia wa Mwanga, Kigoma
Napinga. Testosteroni ni dawa ya cheti. Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuiuza, wala kumdunga mtu sindano. Anayeipata bila cheti kaipata kwa njia ambayo TMDA, mamlaka ya kudhibiti dawa nchini, haiitambui, na kilichomo chupani hakijulikani: testosteroni pungufu ya lebo, homoni nyingine kabisa, au mafuta matupu. Daktari akipanga matibabu kwa kufuata "miligramu" alizotajiwa, anafuata neno la muuzaji asiyemjua. Na majibu yakitoka mazuri, mgonjwa atasikia kitu kimoja tu: endelea. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019 ulihusu wanaume 545 waliobainika kutumia dawa hizi huko jimu. Vifo vyao vilikuwa takriban mara tatu ya wenzao wasiotumia. Karatasi ya maabara yenye majibu ya kawaida haiifuti hesabu hiyo.

Daktari wa magonjwa ya ndani, Kigoma
Mfamasia, hesabu ya Denmark naipokea, ila inanipeleka kwingine. Kama hawa ndio wanaokufa zaidi, basi ndio wa kwanza kuonwa. Na hilo agizo la "acha kwanza" lina hatari yake. Homoni ya nje ikikatwa, korodani zilizolala miezi kadhaa haziamki kesho yake. Zinakuja wiki, mara nyingi miezi, ambapo mtu hana ya nje wala ya ndani: hamu ya tendo inakwisha, usingizi unapotea, huzuni inamkaba, na wengine hufikia kutaka kujiua. Ndiye huyo tumwambie arudi akishamaliza?

Mfano upo. Mjini Haarlem, Uholanzi, kuna kliniki iliyofuatilia wanaume 100 kabla ya kutumia, wakati wa kutumia na baada ya kuacha. Moyo uliathirika wakati wa dawa, na kwa sehemu kubwa ukarudi baadaye. Mtu akioneshwa ECHO yake mwenyewe, yaani picha ya moyo wake ukipiga, ya kabla na ya baada, anashawishika kuliko kwa bango lolote la ukutani.

Hudhurio la kwanza halihitaji maajabu. Anza na presha, na hapo ndipo tunapoharibu mapema: mkanda wa kawaida umetengenezwa kwa mkono wenye mzingo wa sentimita 27 hadi 34. Ukiufunga kwenye mkono wa sentimita 40, presha inasoma juu kuliko ilivyo, na mtu anaanzishiwa vidonge asivyohitaji. Mkanda mkubwa, wa 35 hadi 44, uwepo chumbani. Kisha ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Kisha mshike matiti: uvimbe mgumu chini ya chuchu si sawa na mafuta ya kawaida, na ukiwa mpya dawa inaweza kuupunguza, ukishakaa mwaka umekuwa kovu, kazi ya daktari wa upasuaji. Korodani zipimwe ukubwa. Damu: FBP (hesabu ya chembe za damu), ini, figo, lehemu, sukari, VVU, homa ya ini B na C.

Kwenye FBP jicho liende kwa hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu. Ikivuka asilimia 54 hatubishani tena, dawa isimame, kwa sababu damu nzito huganda. Wapo wanaokimbilia kuchangia damu ili waipunguze. Aliyetumia sindano moja na mwenzake asitoe damu: maambukizi mapya huweza kupita kabla kipimo hakijayaona.

Usipomjua mgonjwa anatumia nini, unamtibu ugonjwa asio nao. Anayetumia nandroloni peke yake atakuja na testosteroni chini, na LH na FSH, homoni za ubongoni zinazoamsha korodani, nazo chini. Kwa daktari asiyeambiwa, picha hiyo ni ya tezi ya ubongoni, na anamwandikia MRI, picha ya ubongo. Safari ya Mwanza au Dar, nauli na wiki mbili za hofu, kumbe jibu lilikuwa kwenye begi la mazoezi.

Kocha wa Isevya, Tabora
Daktari, shikamoo. Tatizo si vipimo, tatizo ni mlango. Kijana anafika, anasema ukweli, anapigwa mahubiri ya nusu saa na kuondoka bila hata kupimwa presha. Mara ya pili haji, au anakuja anadanganya. Anampataje daktari wa kumsikiliza?

Daktari wa magonjwa ya ndani, Kigoma
Marahaba kocha. Aombe daktari wa magonjwa ya ndani. Kwa daktari wa njia ya mkojo aende moja kwa moja iwapo shida ni uzazi. Daktari wa homoni hasa ni wachache nchini, usimsubiri. Kambi za madaktari bingwa zinazozunguka wilayani zinafaa kwa kufungua faili na kupata rufaa, ila wanakaa siku chache wanaondoka, na mgonjwa huyu atahitaji kupimwa tena baada ya miezi mitatu. Amtafute anayekaa.

Kabla ya kueleza chochote aulize swali moja: "Nikikuambia natumia kitu usichokipenda, utanipima hata kama sijaacha?" Jibu likiwa hapana, ashukuru, atoke. Likiwa ndiyo, atoe karatasi aliyoiandaa nyumbani: jina la kila dawa kama lilivyoandikwa, kiasi kwa wiki, tarehe ya sindano ya mwisho, vidonge vyote vikiwamo vya kukausha maji na vya kuchoma mafuta, pombe, na dawa nyingine anazomeza. Anayetumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au dawa za kisukari aseme kwanza hilo, maana steroidi, yaani hizi dawa za misuli, huongeza nguvu ya wafarini na huweza kushusha sukari. Chupa na pakiti azibebe.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa hawa imekuwa kweli neno kwa neno.

Mtaalamu wa maabara, Kanyenye
Niwaombe kitu kimoja kabla hamjaendelea: msituletee mtu aliyetoka kubeba vyuma jana. ALT na AST, vimeng'enya vya kipimo cha ini, hazikai kwenye ini peke yake, zimo pia kwenye misuli. Aliyefanya miguu juzi atakuja na vimeng'enya vimepanda na ini lake zima kabisa. Apumzike siku tatu angalau, wiki ni bora, na daktari aandike CK (kimeng'enya cha misuli) na GGT (cha ini na nyongo) kwenye fomu. CK juu na GGT ya kawaida: tazama misuli. GGT na bilirubini zikipanda, macho yana njano, mkojo kama chai ya rangi na ngozi inawasha, hapo ni nyongo imekwama, na wa kuulizwa ni vidonge: methandienoni, stanozololi, oksandroloni. Dawa za sindano kwa kawaida hazifanyi hivyo.

Kreatinini, kipimo cha figo, nayo inapotosha. Misuli mingi na unga wa kreatini huipandisha bila figo kuwa na kosa. Usimwandikie mtu "figo zimefeli" kwa namba hiyo moja. Pima protini kwenye mkojo, na ikiwezekana sistatini C, kipimo kingine cha figo ambacho hakifuati misuli sana. Lakini msiende upande wa pili mkasema ni misuli tu. Protini ikionekana kwenye mkojo, figo zinaumia kweli.

Homoni zichukuliwe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kabla ya kula. Kama sampuli inasafirishwa, seramu itenganishwe mapema na iende kwenye baridi. FBP isisafiri. Chembe nyekundu zikikaa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau hadi kesho yake hufura, na hematokriti ya 52 inaweza kusomeka kama iliyovuka mpaka. Ipimwe hapahapa siku hiyohiyo, na mtu awe amekunywa maji, kwani ukavu wa mwili nao huipandisha.

Mlipa kodi wa Urambo
Wodi ya watoto imejaa malaria, wajawazito wanalala wawili kitandani, na ninyi mnapanga CK na sistatini kwa mtu aliyejiharibu ili apendeze kwenye kioo. Alipe mwenyewe.

Nesi wa Ujiji
Kaka, unaandika kutoka Urambo, kwenye tumbaku. Nani hapo aliyewahi kuambiwa aache sigara kwanza ndipo kikohozi chake kipimwe? Vipimo vingi alivyotaja daktari vinafanyika kila siku kwa wagonjwa wengine. Jipu la paja lililokaa wiki mbili bila kutibiwa linachukua kitanda, antibayotiki na chumba cha upasuaji, na hilo ndilo linalokula kodi yako.

Majipu yanatoka wapi? Mafuta ya dawa hizi ni mazito, hayapiti kwenye sindano ndogo ya insulini, wala sindano fupi haifiki kwenye msuli wa mtu mnene. Dawa inabaki chini ya ngozi, inavimba. Halafu ile chupa ya mililita 10 ya watu wanne. Kila mmoja ana sindano yake mpya, wanajiona wako salama, lakini mmoja akirudisha sindano iliyotumika ndani ya chupa, wote wameshirikiana damu. Maumivu kidogo siku mbili ni kawaida. Wekundu unaosambaa, joto, homa, au uvimbe unaobonyea, aje siku hiyohiyo, asiukande kwa maji ya moto wala asiutoboe. Na aulizie chanjo ya homa ya ini B: dozi tatu, mwezi 0, wa 1 na wa 6.

Nalazimika pia kuzitaja predinisoloni na deksamethasoni, ambazo ni steroidi za aina nyingine, si za misuli. Wapo wanaokuja wakisema wanatumia "steroidi", ukitazama pakiti ni vidonge vya kunenepesha: deksamethasoni na saiproheptadini. Huyo akishatumia kwa miezi, kuacha ghafla kunaweza kumuua, maana tezi zake za juu ya figo zimelala. Anashushwa polepole chini ya daktari. Dada zetu wengi wako kundi hili. Dada anayejidunga testosteroni ana lake: sauti ikishakuwa nzito hairudi.

Mfamasia wa Mwanga, Kigoma
Nesi umesema vizuri, na kwa vidonda na majipu sina ugomvi. Ninachokiogopa ni hatua inayofuata. Akishakubaliwa kupimwa, ataomba klomifeni na tamoksifeni "za kusafishia", yaani vidonge vya kuamsha homoni ya ndani, kisha sindano za hCG, homoni ya kuamsha korodani, na mwisho atasema: kama unanifuatilia, si uniandikie testosteroni halali kuliko niichukue mtaani? Daktari mmoja mwenye huruma atakubali, na kesho jimu nzima iko mlangoni kwake. Mtu mwenye upungufu wa kweli anathibitishwa kwa vipimo viwili vya asubuhi tofauti pamoja na dalili, na hajathibitishwa ipasavyo ikiwa ana dawa mwilini. Mpaka huo ukivunjwa, Baraza la Madaktari halitauliza nia yako ilikuwaje.

Daktari wa magonjwa ya ndani, Kigoma
Mpaka huo nauandika kwenye faili siku ya kwanza: nitakupima, nitakueleza, nitatibu madhara, sitaandika dawa ya kuongeza misuli wala ya kukuwezesha uendelee. Klomifeni sikuiweka kwenye "kamwe". Aliyeacha, LH haijapanda baada ya miezi kadhaa na anataka mtoto, huyo ana ugonjwa unaotibika, na ni uamuzi wa bingwa. Wengi mbegu zao hurudi ndani ya mwaka, wengine huchukua hadi miwili. Apime mbegu kila miezi mitatu, asiwe anabadili wake.

Mwanasheria wa Ng'ambo, Tabora
Kuna jambo mmelipita. Mji huu ni mdogo. Faili linapita mapokezi, kwa nesi, maabara, dirisha la bima. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini sheria haizuii mdomo wa mtu wa mapokezi. Historia kamili ibaki kwenye maelezo ya daktari. Fomu ya maabara iwe na vipimo na tarehe ya sindano tu. Askari, mlinzi au baunsa ana ajira ya kupoteza. Mwanamichezo aliyesajiliwa naye ajue kwamba nandroloni huonekana kwenye mkojo kwa miezi mingi. Na daktari wa timu asichanganye kofia: akitoa dawa iliyokatazwa au akificha matumizi yake, kanuni za WADA, shirika la dunia la kupinga dawa michezoni, zinamgusa yeye pia, si mchezaji peke yake.

Mtaalamu wa maabara, Kanyenye
Mwanasheria, tarehe ya sindano bila aina ya dawa hainisaidii kusoma homoni. Nipe herufi moja tu, T kwa testosteroni, N kwa nandroloni, inatosha.

Mfamasia wa Mwanga, Kigoma
Basi nikubali kwa masharti mawili. Mpaka aliouandika daktari uwe utaratibu wa hospitali, usiachwe kwa huruma ya mtu mmoja. Na aliye chini ya miaka 18 asiingie kwenye "ufuatiliaji": mifupa yake inafunga mapema, urefu haurudi. Huyo ni kuacha tu, na mzazi aitwe.

Daktari wa magonjwa ya ndani, Kigoma
La kwanza nakubali. La kuacha pia nakubali, kwa mtoto hakuna njia ya kati. La kumwita mzazi siku ya kwanza nalikataa. Ukimwita kabla hujampima, mtoto ataacha kuja, hataacha sindano. Mpime kwanza, kisha mkubaliane nani atamwambia mzazi, wewe au yeye, na ndani ya siku ngapi.

Mfamasia wa Mwanga, Kigoma
Na asiporudi ndani ya siku hizo?