Napiga kura, halafu gavana wangu anachaguliwa na watu wasiofika 50!!

Wandugu nimechoka na hii habari na leo naandika yote.

Tarehe 20 Desemba 2023 mimi na mama yangu tulitoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi, mvua ya Desemba mnaijua nyie wa Lubumbashi, tukapanga foleni mpaka saa nane mchana ndio biro ya kupigia kura ikafunguliwa, tunaambiwa mashine haina chaji. Mama ana miaka 71. Alikalia kidumu cha mafuta masaa yote hayo, kadi yake ya mpiga kura ameifunga kwenye kitambaa maana maandishi yalishaanza kufutika, na akiipoteza hana kitambulisho kingine chochote. Akaingia, akagusa sura za watu wake kwenye mashine, ikatema karatasi, akaikunja akaitia kwenye sanduku. Anatoka ananiuliza, "Mwanangu, mbona sijamwona gavana?"

Nikamwambia mama, gavana hatumchagui siye.

Ndivyo sheria ilivyo Kongo yote, majimbo 26. Sisi tunachagua wabunge wa jimbo, wao ndio wanajifungia wanachagua gavana na maseneta. Hakuna bunge la jimbo linalofika watu 50! Sasa wewe mwenye hela, utahangaika kushawishi mamilioni ya watu au utatafuta nusu ya hao? Na msiniambie ni maneno ya mtaani. Machi 2019 tuhuma za rushwa kwenye uchaguzi wa maseneta zilikuwa nzito mpaka rais mwenyewe na wakubwa wenzake wakawazuia kuingia kwenye Seneti. Wiki mbili hazijaisha wakaruhusiwa, wakaingia, wakakaa.

Barabara ya mtaa wetu imekuwa mto, malori yanakwama, watoto wanavuka na viatu mkononi, na gavana hana sababu ya kuniogopa mimi kwa sababu kazi yake haitoki kwangu. Anawaogopa wale wanaoweza kumpigia kura ya kumwondoa, na anaiogopa Kinshasa, maana tangu katiba ilipobadilishwa 2011 rais anaweza kumtoa gavana jimbo likiwa na mgogoro. Mabadiliko hayo hayo ndiyo yaliyofuta raundi ya pili ya urais, ndio maana mwaka 2018 mtu alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57 na ikaisha hapo.

Hata hao wabunge wenyewe! Januari 2024 tume ya uchaguzi ilifuta kura za wagombea 82, wakiwemo mawaziri na magavana, kwa mambo ya wizi wa kura, vurugu, wengine kushika mashine za kura kinyume cha sheria. Mashine!! Mama yangu anangoja mashine kwenye mvua kumbe kuna mtu anayo yake.

Kwa hiyo mimi nataka jina la gavana liwe kwenye ile mashine, nimchague kwa kidole changu, na akiharibu nimtoe kwa kidole hicho hicho. Wanaosema ni gharama, hiyo foleni tulishapanga, mashine tayari ipo, ni kuongeza sura tu.

Na nina swali kwa kila mtu humu, wa Bukavu, wa Kisangani, wa Kolwezi, wote. Mbunge wenu wa jimbo alimpa nani kura ya ugavana Aprili 2024? Aliwauliza kwanza? Kama kuna hata mmoja anayejua aandike hapa chini.