Kompyuta ya stesheneri inaonyesha siri za wateja, inatokea wapi?

stesheneri_ngamiani: Habarini wadau, niko hapa Ngamiani Tanga nina stesheneri, watu wanakuja kufungua imeili, kuomba ajira, kuangalia matokeo ya watoto. Juzi kaja dada mmoja katafuta mambo ya dawa za kushika mimba, kalipa kaondoka, jioni nafungua gazeti mtandaoni naona matangazo ya dawa zilezile yamejaa pembeni. Roho iliniuma, ile ni siri ya mtu na mteja aliyekaa baada yake si kaiona? Historia nilishaifuta lakini bado. Au ni hii antivirasi ya bure?

kijana_wa_pongwe: Historia ni kitu kingine mkuu, tatizo lako ni kuki, yaani vifaili vidogo ambavyo tovuti inaviacha kwenye brauza ili ikukumbuke ukirudi. Hizo zilibuniwa 1994 na Lou Montulli wa Netscape, kampuni ya brauza ya zamani, ili duka la mtandaoni likumbuke umeweka nini kwenye kikapu, baadae watu wa matangazo wakaona hapahapa. Kampuni moja ya matangazo inaweka kipande chake cha programu kwenye tovuti ya dawa na kwenye gazeti pia, ikikuta kuki yake inaitambua mashine. Haijui kama mtu kabadilika kwenye kiti.

Mama Chumbageni: Antivirasi nayo usiiache hivihivi. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliipiga Avast, kampuni ya antivirasi, faini ya dola milioni 16.5, programu yao ya kulinda watu ilikuwa inakusanya kila tovuti wanayofungua na kampuni yao tanzu Jumpshot inaziuzia kampuni nyingine zaidi ya 100. Fikiria umeweka mlinzi getini kumbe anaandika nani kaingia kwako saa ngapi, anauza daftari! Ingia kwenye setingi, utafute sehemu ya faragha, palipoandikwa kushea data toa tiki.

bwana_wa_mtandao: Wateja wafungulie dirisha la mgeni kwenye brauza, ukilifunga historia na kuki zinaondoka. Ila haimaanishi hawaonekani, tovuti na kampuni ya intaneti bado wanaona. Halafu kaka, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na inafanya kazi toka Mei 2023, hizo sivii na vitambulisho vilivyobaki kwenye dauniloadi futa leo leo.

stesheneri_ngamiani: Asanteni sana. Nimekuta tiki mbili za kushea nimezitoa, na kwenye dauniloadi kulikuwa na vyeti vya watu vya toka mwaka jana, nimefuta vyote. Yule dada akirudi ntamwambia ilivyokuwa.